Usaili Wangu wa Kwanza wa Maigizo Chuoni, na Sauti Imekauka

Chama cha maigizo chuoni kwetu hufanya usaili wake Julai, mwezi ambao Nairobi hufunikwa na mawingu kutwa na watu hukaa na majaketi hata ndani ya nyumba. Aliyepanga ratiba hiyo nadhani hajawahi kuugua homa. Mwaka nilioingia, nusu ya waliojiandikisha walikuwa wakipenga kamasi kwenye foleni, na mimi sikuwa na sauti kabisa. Nilikuwa na maswali mengi, na kila niliyemuuliza alinijibu "jikaze". Haya nimeyaandika kwa ajili ya yule aliyeamka leo koo linamchoma, na usaili ni wiki hii.

Nilikuwa mwaka wa kwanza, nikisomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Sekondari niliigiza kwenye tamasha za drama, lakini kule hakukuwa na usaili wa maana. Mwalimu alisimama mbele ya darasa, akakutazama, akasema, "Wewe mrefu, utakuwa chifu," basi ukawa chifu. Chuoni tangazo lilikuja kwenye kundi la WhatsApp likitaka vitu vitatu: kipande cha kukariri kisichozidi dakika mbili, kusoma mswada utakaopewa hapo hapo, na "uwezo wa kutembea jukwaani". Hilo la tatu mpaka leo sijui lilimaanisha nini, maana sote tuliingia kwa miguu.

Kwenye kuchagua kipande nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipookolewa kabla hata sijaugua.

Wengi hukimbilia setibuku, kile kitabu cha fasihi walichofanyia KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Naelewa, maneno tayari yako kichwani. Lakini jopo nalo liliyasoma maneno hayo hayo, na limeyasikia tena kwenye yale maonyesho ya setibuku ambayo vikundi vya Nairobi huzungusha shuleni na kuyaleta hadi Kenya National Theatre. Ukisimama pale utajikuta unamwiga mwigizaji uliyemwona ukiwa kidato cha nne, pamoja na kikohozi chake. Ukumbi huo wenyewe, ulioko Harry Thuku Road mkabala na hoteli ya Norfolk tangu 1952, una somo la bure kwa asiye na pesa ya tikiti: mara nyingi vikundi hufanya mazoezi nje, uani, na hakuna anayekufukuza ukiketi kando ukatazama. Niliwahi kumwona mwigizaji pale akirudia sentensi moja tu mpaka nikaikariri mimi. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Kilichobadilika kila mara ni kile alichokitaka kutoka kwa mwenzake: mara alitaka pesa, mara alitaka asamehewe, mara alitaka mwenzake aondoke. Nilirudi mtaani Ngara nikiwaza jambo hilo njia nzima.

Mimi nilichagua *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, watu wa Tanganyika walipopigana na Wajerumani wakiamini maji ya nabii Kinjeketile yangewakinga na risasi. Nilipomwambia dada mmoja wa mwaka wa nne aliyekuwa kwenye kamati ya chama, aliniuliza ni sehemu gani. Nikamwambia pale Kinjeketile anapowahutubia watu baada ya kutoka mtoni. Akatikisa kichwa.

"Mdogo wangu, andaa viwili. Kimoja cha uwanjani, kimoja cha chumbani. Hujui siku hiyo utaamkaje."

Sikuona haja, lakini nilimtii kwa sababu ndiye aliyekuwa na orodha ya majina. Cha pili nikakitoa mwishoni mwa tamthilia, Kinjeketile akiwa gerezani, amepigwa, na mwenzake Kitunda yuko naye akimsihi akubali kusema kwamba maji yale yalikuwa uongo. Pale ni mazungumzo ya watu wawili, kwa hivyo nililazimika kuyaunganisha maneno ya mmoja na kuyaruka ya mwenzake, huku nikihakikisha asiyeijua tamthilia hapotei. Ukifanya hivyo, usipime urefu kwa kurasa. Pima kwa saa ya simu, ukisema kwa mwendo wa mtu anayefikiri, kisha uache sekunde za ziada, kwa sababu majopo mengi hukata muda ukiisha hata kama uko katikati ya machozi.

Nilifanyia mazoezi Arboretum, kule karibu na Ikulu. Ni mahali pazuri kwa mwigizaji anayeona haya. Ukizungumza peke yako hakuna anayekushangaa, maana chini ya miti huwa kuna watu wanaosali kwa sauti, wengine wakikemea mapepo kwa nguvu kuliko mimi na Wajerumani wangu. Niliona kipande cha uwanjani lazima kisikike mpaka barabarani, basi nikakipigia kelele kwenye baridi ya jioni, siku baada ya siku, bila kupasha sauti moto hata kidogo.

Jioni moja nilirudi koo likiwasha. Asubuhi nilipofungua kinywa kumsalimia mwenzangu wa chumbani, kilichotoka ni hewa tupu. Alicheka kwanza, akidhani namwigizia.

Pesa zilianza kutoka hapo. Nilikwenda kemisti ya mtaani nikamwandikia mhudumu kwenye simu, "Daktari, sauti imeenda, na nina usaili." Akanifungia antibaiotiki, Piriton na peremende za mentholi, Sh650. Ile Piriton nilimeza mchana nikalala kwenye mhadhara wa saa nane mpaka mhadhiri akaja kunigusa bega, na nilipoamka kinywa kilikuwa kikavu na koo limezidi kukwaruza. Hakuna la ajabu hapo. Ni dawa ya mzio, huleta usingizi na hukausha kinywa na koo, na nyuzi za sauti zilizovimba zinahitaji unyevu. Antibaiotiki nayo haiui virusi, na sauti inayokauka ghafla pamoja na mafua mara nyingi huwa imeletwa na virusi. Mentholi hutuliza kwa dakika chache, kisha wengine hubaki na koo kavu zaidi. Mimi ni mmoja wao.

Kwa hofu nikaingia kliniki moja ya binafsi. Nilitolewa damu, nikasubiri, nikaambiwa nina taifodi na "malaria kidogo". Hiyo malaria kidogo ni ugonjwa ambao nadhani huugua watu wa Nairobi peke yao. Sikuwa nimetoka nje ya jiji tangu muhula uanze, na Nairobi iko juu sana, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, baridi ambayo mbu wa malaria haimpendezi. Kipimo kile cha haraka cha taifodi nacho hakitoshi peke yake kumwambia mtu ana taifodi. Niliacha Sh2,300 pale, na kama nisingekuwa nimeishiwa ningeacha nyingine kwenye dirisha la dawa. Ukosefu wa pesa uliniokoa. Hizo Sh2,300 zilikuwa za chakula, na shangazi yangu wa Kariobangi ndiye aliyenilisha mpaka mwisho wa mwezi.

Mahali nilipopaswa kuanzia ni zahanati ya chuo, ambako mwanafunzi hahitaji pesa, anahitaji kitambulisho na subira ya foleni. Muuguzi alinimulika koo kwa tochi, akanibonyeza shingo pande zote mbili, akaniuliza kama napumua bila shida na kama nameza mate yangu sawasawa.

"Nyuzi za sauti zimevimba," akasema. "Dawa yake ni kunyamaza."

Nikanong'ona, "Ninyamaze vipi, Sista, nina mazoezi."

"Na hiyo kunong'ona ndiyo uiache kabisa."

Hilo sikulijua, na nimegundua watu wengi hawalijui. Tukikosa sauti tunanong'ona tukiamini tunaipumzisha, kumbe kunong'ona kwa kulazimisha kunaweza kuikaza kuliko kusema taratibu. Kusafisha koo kwa lile "ahem" la kila dakika ni vibaya vilevile, kwa sababu ni kuzigonganisha nyuzi zilizokwisha kuvimba. Ukihisi kuna kitu, meza mate au kunywa funda la maji. Aliniambia ninywe maji mara kwa mara kidogo kidogo, nivute mvuke, na kama kuna maumivu au joto nitumie paracetamol. Aspirini na ibuprofeni aliniambia nikae mbali nazo mpaka usaili upite, kwa kuwa hufanya damu itoke kwa urahisi, na mtu anayeilazimisha sauti juu ya uvimbe anaweza kupasua kishipa kwenye nyuzi zenyewe. Kisha akanipa onyo ambalo nalipitisha kama lilivyo: ukishindwa kupumua vizuri, ukishindwa kumeza mate, ukikohoa damu, au joto likikataa kushuka, acha habari za usaili uende hospitali. Na sauti ikikaa imekwaruza zaidi ya wiki tatu, koo linahitaji kutazamwa na daktari hata kama hakuna maumivu.

Mvuke niliupata kwa shangazi. Alichuma majani ya mkaratusi kwa jirani, akayachemsha kwenye sufuria kubwa, akaiweka sakafuni katikati ya kigoda na kitanda, akanifunika shuka. "Kaa humo. Usitoke mpaka nikuambie." Kila nikiinua pembe ya shuka kutafuta hewa aliishusha. Yeye anaamini ni majani yanayoponya. Mimi nadhani ni mvuke wenyewe, lakini sikubishana, kwanza kwa heshima na pili kwa kuwa nilikuwa nimekatazwa kusema. Mkijaribu nyumbani, sufuria ikae chini mahali haiwezi kupinduka, uso usiwe karibu sana, na watoto wawe chumba kingine. Hosteli msijaribu na koili ya umeme, mtaunguza chumba na mtafukuzwa.

Sasa, mtu anajiandaaje kwa usaili bila kusema? Hapa ndipo nilipojifunza mengi, kwa hivyo mnivumilie.

Nilianza kwa kuandika kipande chote kwa mkono, bila kutazama kitabu. Pale kalamu iliposita ndipo nilipogundua sikuwa nimekariri. Nilikuwa naburutwa na wimbo wa sauti yangu mwenyewe. Sentensi moja ya katikati niliikosa kila mara. Nilipoichunguza nikaona sijui kwa nini Kinjeketile anaisema. Kitunda amemwambia nini hata ajibu hivyo? Nikarudi kwenye tamthilia, nikasoma maneno ya Kitunda niliyokuwa nimeyaruka, na sentensi ikakaa. Tangu siku hiyo sijakariri maneno ya mhusika mmoja bila kukariri na ya yule anayezungumza naye.

Kisha nikachora mistari midogo kwa penseli kila mahali pa kuvuta pumzi. Mgonjwa huishiwa na pumzi mapema. Sentensi niliyokuwa naisema kwa pumzi moja nikiwa mzima ilihitaji mbili, na ni afadhali uamue mwenyewe utapumua wapi kuliko kifua kikuamulie mbele ya watu.

Nilikuwa pia nimejirekodi kwenye simu wiki ya kwanza, kabla ya koo kuharibika. Nikawa nasikiliza kwa visikizio kwenye matatu ya Kariobangi, midomo ikicheza bila sauti. Kondakta mmoja aliniuliza kama naomba, nikamwitikia kwa kichwa. Usiku, mwenzangu wa chumbani akishalala, nilisimama kati ya vitanda viwili nikafanya kipande chote kwa mwili peke yake: ninaketi lini, ninamgeukia Kitunda lini, mkono uliopigwa nauweka wapi. Ni ajabu jinsi mikono hukosa kazi ukiiondolea sauti. Nilikuwa na tabia ya kupunga mkono wa kulia kila ninaposema neno zito, na sikuwa nimeiona mpaka siku zile za kimya. Niliuweka ule mkono chini ya kwapa la kushoto, kana kwamba mbavu zinauma, nao ukatulia.

Sauti ilipoanza kurudi, haikurudi kwa kelele. Dada wa mwaka wa nne alinifundisha zoezi la mrija: unatia mrija kwenye chupa yenye maji nusu, unazamisha ncha kidogo tu, unavuma "uuu" polepole huku mapovu yakitoka. Ukilazimisha, maji yanarukia puani, kwa hivyo zoezi lenyewe linakukataza kuzidisha. Zoezi lingine ni kutetemesha midomo kama mtoto anayeendesha gari la mabati. Dakika chache, unapumzika, unakunywa maji. Koo likiuma, unaacha.

Swali lililonisumbua kuliko yote lilikuwa kama nijitoe. Mama alipiga simu jioni moja, nami sikuweza kupokea, nikamwandikia. Akajibu, "Mwanangu, kwani ni lazima? Hiyo drama itakulipa karo?" Nililia, na kulia nako hukaza koo, jambo ambalo lilinifanya nicheke. Sikumjibu mama kuhusu karo. Niliamua kwa njia hii: kama nina joto au nashindwa kupumua, siendi. Kama ni sauti tu, naenda. Naona kipimo hicho kinafaa watu wengi. Anayetoka jasho la homa kali hapaswi kupanda jukwaani, na hana haki ya kwenda kuwapulizia wenzake kwenye chumba kilichofungwa madirisha.

Niliwaandikia kamati siku mbili kabla. Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi, ukitaka kuutumia utumie: "Habari za jioni. Nimejiandikisha kwa usaili wa Ijumaa asubuhi. Nimekuwa na mafua na sauti imekauka, lakini nitafika. Kama kuna nafasi ya mchana naomba nihamishiwe, kwa kuwa asubuhi sauti huwa mbaya zaidi. Asante." Sikutuma picha ya dawa wala hadithi ya shangazi. Jibu lilikuja baada ya dakika kadhaa: "Saa nane. Vaa barakoa." Wapo waliokuja siku ile bila kuomba chochote, wakasimama mbele ya jopo wakaeleza ugonjwa wao kwa dakika nzima kati ya dakika zao mbili.

Ijumaa niliamka mapema ili sauti ipate saa kadhaa za kuamka nayo. Uji, maji ya vuguvugu yenye asali, hakuna kahawa, hakuna bhajia za pilipili ambazo wenzangu walikuwa wanauziana kwenye korido. Nilivaa nguo za kawaida nisizoona haya kuketi nazo sakafuni. Nilibeba chupa yangu ya maji, na nilipoombwa funda nikakataa. Aliyeniomba alinuna, lakini angenuna zaidi wiki iliyofuata.

Kusubiri ndiko kugumu. Korido nzima ilikuwa inapasha sauti: huyu anapiga "ma-me-mi-mo-mu" mpaka vioo vinatetemeka, yule anacheka kicheko cha mfalme mwovu tena na tena. Ukiwa mgonjwa utashawishika kujaribu sauti yako "uone kama ipo". Usijaribu. Iliyopo ni kidogo, na kila jaribio linaila. Nilitoka nikasimama nje penye manyunyu, chini ya paa, nikapitia maswali yangu: nazungumza na nani, nataka nini kwake, nini kitatokea nikikosa.

Ukumbi wenyewe ni chumba cha mihadhara. Viti vilisukumwa nyuma, watu wanne walikaa kwenye meza moja, mmoja akila karanga.

"Jina, mwaka, kipande," akasema wa katikati bila kuinua macho.

Nikavua barakoa. Jina langu lilitoka limechanika vipande viwili. Sasa akainua macho. Nilisema ninafanya cha gerezani, nikaongeza, "Sauti ni ya mafua, samahani nikikohoa," basi. Kitunda nilimweka kwenye kitasa cha dirisha, kushoto kidogo kwa aliyekula karanga, usawa wa macho. Hilo lifanyeni hata mkiwa wazima: mtafutieni mhusika asiyeonekana mahali maalumu, na msiwakodolee macho wanajopo, maana mtawalazimisha wajibu kwa nyuso na kalamu zao zitasimama.

Kipande kilikwenda vizuri hadi karibu na mwisho, sauti ikakatika katikati ya neno. Haikupasuka, ilizima. Nilimeza mate. Nikamtazama Kitunda wangu kwenye kitasa. Nikaanza tena neno lile lile, chini zaidi, nikamaliza. Kimya changu kilikuwa kirefu kwangu. Dada wa mwaka wa nne aliniambia baadaye kwamba hakukiona.

Kisha wa katikati akasema, "Rudia kuanzia unapomkatalia. Lakini sasa umechoka naye. Unataka alale tu."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo, na hakuna anayeweza. Nikaketi sakafuni, nikamgeuzia Kitunda bega, nikayasema maneno yale yale kama mtu anayezima taa. Sauti haikuhitajika sana. Baada ya hapo nilipewa ukurasa wa mswada na kijana mmoja tusiyejuana, tusome pamoja. Yeye alikimbia kama anasoma orodha ya bei sokoni. Nilichofanya ni kumsubiri amalize kila sentensi na kumtazama usoni kabla ya kushuka kwenye karatasi yangu. Kidole gumba kikae pembeni mwa mstari unaousoma ili ukiinua macho usipotee. Ni jambo dogo, lakini nimeona watu wazuri wakipotea ukurasa mzima.

Wapo walioniambia baadaye kwamba sauti ile ilimfaa mfungwa aliyepigwa, kwamba ugonjwa ulinisaidia. Sikubaliani nao. Kwenye mswada ule wa pili nilikuwa mfanyabiashara anayeuza mitumba, na sauti ya jeneza haiuzi kitu. Ugonjwa ulininyima nusu ya nilichokuwa nacho. Kilichonibeba ni kwamba kipande cha chumbani kilikuwa tayari kabla sijaugua.

Mwaka uliofuata nilikaa upande wa pili wa meza, nikiandika majina na kupitisha karatasi za alama, na ndipo nilipoelewa. Karatasi yetu ilikuwa na safu kadhaa: kusikiliza, mwili, uelewa wa mhusika, kuchukua maelekezo, sauti. Sauti ni safu moja. Iliyozua mjadala mrefu ilikuwa ile ya maelekezo. Aliyefanya kipande kizuri sana, kisha akaambiwa abadilishe na akafanya kilekile, alishushwa kuliko aliyekuja na kipande cha wastani akabadilika. Mwelekezi anawaza miezi ya mazoezi atakayokaa nawe, na mtu asiyebadilika ni mzigo. Nilimwona pia msichana mmoja mgonjwa aliyeomba radhi kabla, katikati na baada ya kipande, mpaka jopo likaanza kusikiliza ugonjwa badala ya Kiswahili chake kizuri. Nilitaka kumwambia jambo, lakini mwenye kalamu za alama haruhusiwi kuzungumza na wasailiwa.

Majina ya mwaka wangu yalitumwa WhatsApp karibu usiku wa manane, kama kawaida ya kamati zote za wanafunzi. Nilikuwa Jirani wa Pili, mwenye mistari minne, na msaidizi wa maleba. Sauti ilirudi sawasawa baada ya hapo, nikampigia mama nikamwambia nimepata. Akauliza jirani wa nani.

Na jambo ambalo hakuna aliyetutajia: ukichaguliwa, mazoezi ni kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, kuna ada ya uanachama ya Sh300, nguo nyeusi unajinunulia, na mvua ikinyesha saa tatu usiku nauli ya matatu inapanda maradufu. Ulizia haya kwenye foleni ya usaili kabla hujaitwa, hasa ukiwa umeshaacha pesa zako kemisti.